Kusoma Usugu wa Malaria Herufi kwa Herufi: Mwongozo kwa Wahudumu wa Zahanati na Maabara Mkoani Tanga

Mkuzi iko wilayani Muheza. Miaka ya 1950, nchi ikiitwa bado Tanganyika, Daktari David Clyde na wenzake waliwagawia watu wa hapo pirimethamini wakitaka kuikata malaria kijiji kizima. Dawa ilianza vizuri. Baada ya miezi tu, vimelea visivyoisikia vilikuwa vimetamalaki, na baadaye vikakutwa hata vijiji vya jirani ambako dawa haikugawiwa. Mwaka 2016 Mkuzi hiyo hiyo ilikuwa kimoja kati ya vituo vinne vilivyopima kama dawa mseto ya ALu (artemeta na lumefantrini) bado inawaponya watoto. Vingine vilikuwa Kibaha, Mlimba na Ujiji. Ilionekana inaponya, juu ya kiwango cha asilimia 90 ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa mpaka wa kuibadili dawa.

Ninawaandikia nyinyi mlio zahanati na vituo vya afya vya Muheza, Korogwe, Handeni, Pangani na Mkinga, pamoja na wenzenu wa maabara na wa maduka ya dawa muhimu. Ripoti za usugu zinatokana na damu mliyoitoa nyinyi kwenye vidole vya watoto. Kisha zinarudi zimejaa maandishi kama K76T, A581G na R561H, na watu wanaziweka kabatini. Ninataka uzisome. Anayezisoma hatafanya makosa mawili ninayokutana nayo kila mwaka: kudhani kila homa inayorudi ni usugu, na kudhani kila badiliko la kinasaba maana yake dawa imekufa.

Hatua ya kwanza: jifunze kuisoma K76T

Chukua kalamu na karatasi, usisome hatua hii kwa macho tu.

Vinasaba vya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, vimeandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Ziko kama milioni 23, zimegawanyika kwenye kromosomu 14, na zilisomwa zote kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Herufi hizo husomwa tatu tatu. Kila tatu hutaja asidi amino moja, na asidi amino zikitungwa mfululizo kama shanga kwenye uzi zinafanya protini.

Sasa andika AAA. Hiyo inataja asidi amino iitwayo laisini, ambayo mkato wake ni K. Chini yake andika ACA. Hiyo ni threonini, mkato wake T. Badiliko hilo limetokea kwenye shanga ya 76 ya protini inayotengenezwa na jeni (kipande cha maandishi hayo kinachotaja protini moja) iitwayo crt. Kwa hiyo K76T inasomwa hivi: palipokuwa na K, nafasi ya 76, sasa pana T. Herufi ya mbele ni kilichokuwepo, namba ni mahali, herufi ya nyuma ni kilichoingia. Herufi moja ilibadilika kati ya milioni 23, na ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kifo cha klorokwini.

Fanya nyingine mbili mkono uzoee. S108N kwenye jeni ya dhfr: AGC imekuwa AAC, serini imekuwa asparajini. R561H kwenye jeni ya K13: CGT imekuwa CAT, arginini imekuwa histidini. Angalia jambo moja linalowachanganya wengi: A iliyo mbele ya A581G ni mkato wa asidi amino alanini. Si ile A ya kwenye AAA. Ni alfabeti mbili tofauti zinazotumia herufi zinazofanana.

Herufi inabadilikaje? Kimelea kikigawanyika ndani ya chembe nyekundu ya damu hunakili maandishi yake yote, na mgonjwa mmoja anaweza kubeba mabilioni ya vimelea, kila kizazi kikichukua kama saa 48. Katika kunakili kwingi namna hiyo, makosa hayaepukiki. Mengi hayana faida, na baadhi yanakidhuru kimelea chenyewe. Dawa haiyaumbi makosa hayo. Dawa inawaua wengine na kumwachia uwanja yule aliyekosea mahali panapomfaa. Ndiyo maana usemi wa mitaani kwamba "mwili wangu umeshaizoea dawa" unapaswa kusahihishwa kwa upole kila unapousikia. Mwili haujazoea kitu. Sugu ni kimelea, na mbu akikichukua atampelekea jirani ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja.

Hatua ya pili: ijue kila dawa na jeni yake

Klorokwini na crt. Waliokula klorokwini wanakumbuka ule uchungu, na wengine wanakumbuka kuwashwa mwili mzima usiku kucha. Kimelea hula himoglobini ya damu ndani ya mfuko wake wa kumeng'enyea chakula. Mabaki ya chakula hicho, yaitwayo hemu, ni sumu kwake, hivyo huyagandisha yakawa fuwele. Klorokwini ilijikusanya ndani ya mfuko huo ikazuia ugandishaji, kimelea kikafa kwa sumu ya chakula chake. Protini ya crt imekaa kwenye ukuta wa mfuko. Ikishabadilika nafasi ya 76, huanza kuitoa klorokwini nje, kama mvuvi wa Pangani anavyokumba maji kwenye ngalawa inayovuja: maji yanaingia, naye anayatupa kwa kasi ile ile, chombo hakizami. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001.

Malawi waliiacha mapema zaidi, mwaka 1993, na miaka michache baadaye vimelea vyenye crt ya zamani vilirudi na kuvipiku vile sugu. Hilo linakwambia jambo kubwa: usugu una gharama kwa kimelea. Dawa ikiondoka, kilichobeba badiliko hushindwa mbio na kisichobeba. Hapa kwetu pia K76T ilishuka baada ya klorokwini kuondoka.

SP, yaani salfadoksini na pirimethamini, ina jeni mbili, dhfr na dhps, kwa kuwa dawa zenyewe ni mbili na zote zinazuia kimelea kutengeneza foleti, vitamini kinayoihitaji ili kuongezeka. Hapa usugu hupanda ngazi kwa ngazi. Kwenye dhfr angalia nafasi za 51, 59 na 108. Kwenye dhps angalia 437, 540, kisha 581. Kimelea chenye matatu ya kwanza pamoja na 437 na 540 huitwa cha mabadiliko matano. Kikiongeza A581G kinakuwa cha mabadiliko sita, na hapo ndipo mkoa wetu ulipoingia kwenye vitabu vya dunia, kwa sababu A581G ilikutwa kwa wingi Korogwe na Muheza wakati sehemu nyingine nyingi za Afrika ilikuwa adimu. Sisi tulioko Tanga hatuna ruhusa ya kulichukulia suala hili kama habari za mbali.

ALu na mdr1. Dawa mseto ilichukua nafasi ya SP kama tiba ya kwanza mwaka 2006. Ndani yake mna artemeta inayopiga haraka na kuondoka, na lumefantrini inayobaki kwenye damu kwa siku nyingi kufagia masalia. Kwenye jeni ya mdr1 nafasi za kutazama ni 86, 184 na 1246. Hapa kuna kitu kinachowapotosha hata wazoefu. Kwa klorokwini na amodiakwini, hatari ilikuwa N86Y. Kwa lumefantrini ni kinyume: kimelea kinachoivumilia zaidi, japo kwa kiasi kidogo tu, ni kile chenye N ya asili. Kwa hiyo ukiona ripoti inasema karibu vimelea vyote ni N86, usishangilie kwamba "asili imerudi" wala usiogope kwamba ALu imekwisha. Inaonyesha tu dawa gani inatumika sana katika eneo hilo.

Artemisinini na K13. Hii ndiyo inayoninyima usingizi. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba mabadiliko ya jeni ya K13 ndiyo yanayofanya vimelea vya Kambodia vichelewe kufa, na la maarufu huko ni C580Y. Artemisinini huamshwa na chuma cha kwenye hemu. Kimelea chenye K13 iliyobadilika hula himoglobini kidogo kikiwa kichanga, hivyo dawa haiamki sawasawa. Kinakaa kimya, kinasubiri dawa ipite, kisha kinaamka. Tunauita usugu wa sehemu, kwa sababu dawa bado inaua, ila polepole. Mwaka 2020 Rwanda walitangaza R561H. Uganda wana C469Y na A675V, Eritrea R622I. R561H imeshathibitishwa ndani ya nchi yetu, Karagwe mkoani Kagera. Kutoka Kagera hadi Tanga ni safari ya basi.

Hatua ya tatu: homa ikirudi, uliza kabla ya kutamka neno usugu

Bibi mmoja aliniletea mjukuu wa kilo 12, siku ya tisa tangu apewe mseto. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema bila kuzunguka, "Dawa zenu siku hizi ni maji, mjukuu wangu." Nikamwomba kikaratasi cha dawa. Mtoto wa kilo 12 hupewa kidonge kimoja mara sita, kwa hiyo alikuwa ameondoka na vidonge sita vya njano. Vyote vilikuwa vimekwisha. Ningeishia hapo ningeandika kwamba dozi imekamilika.

Nikamuuliza alivitoa saa ngapi. Akanyamaza kidogo. "Huyu nilimpa vitatu. Vitatu nikampa ndugu yake, naye alikuwa anachemka vile vile. Ningemwacha?"

Sikuwa na la kumlaumu. Nilimwomba amlete na yule wa pili, tukawapima wote wawili. Lakini angalia kilichotokea ndani ya damu ya watoto wale: kila mmoja alipata dawa ya kutosha kuua vimelea dhaifu na isiyotosha kuua vyenye nguvu.

Kwa hiyo uliza kwa mpangilio huu. Dozi ilitolewa kwa uzito wa leo au uzito wa kwenye kadi ya zamani? Chini ya kilo 15 ni kidonge kimoja kwa mara, 15 mpaka chini ya 25 viwili, 25 mpaka chini ya 35 vitatu, 35 na kuendelea vinne. Dozi ya pili ilitolewa saa 8 baada ya ya kwanza, na zilizofuata asubuhi na jioni? Alitapika ndani ya saa moja na hakurudiwa? Alikula chochote chenye mafuta? Lumefantrini bila mafuta haiingii vizuri kwenye damu. Maziwa, uji wa karanga, hata wali wa nazi uliobaki jana unasaidia. Dawa ilinunuliwa wapi, na pakiti inaonekanaje?

Kisha pima upya, na hapa usitegemee kipimo cha haraka. Kipimo kile kinatafuta protini ya kimelea ambayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyepona kabisa anaweza kuonyesha mistari miwili. Tumia hadubini, uone vimelea kwa macho, uvihesabu. Kama havipo, itafute homa nyingine. Ukiona dalili za hatari, degedege, kupoteza fahamu, kupumua kwa shida, kutapika kila kitu, acha maswali yote, mhudumie na umpe rufaa.

Vimelea vikiwepo na dozi ilikuwa sahihi, bado kuna mawili: vile vya zamani vimefufuka, au mbu ameleta vipya. Hadubini haiwezi kuvitofautisha. Kwa mgonjwa aliye mbele yako fuata mwongozo wa taifa wa dawa ya mstari wa pili. Kwa swali la usugu unahitaji tone la damu la siku ya leo, na lile la siku ya kwanza.

Hatua ya nne: chukua tone vizuri

Ripoti nyingi mbovu huanzia hapa. Nimeshapokea bahasha ya karatasi za damu kutoka kituo kimoja msimu wa masika, zimeota ukungu wa kijivu, nyingine zimeliwa pembeni na mende. Watoto wote wale walitobolewa vidole bure. Iliniuma.

Tone la kwanza lichukuliwe kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza. Safisha kidole kwa spiriti, kiache kikauke, toboa pembeni mwa ncha, futa damu inayotangulia. Acha tone linalofuata likue lenyewe, kisha ligusishe karatasi ya chujio katikati ya duara. Usisugue kidole kwenye karatasi wala usirundike matone juu ya matone. Damu ikitokea upande wa nyuma wa karatasi, imetosha. Jaza duara mbili au tatu.

Andika namba ya mgonjwa na tarehe kwa penseli kabla ya kumtoboa. Wino wa kalamu ya kawaida ukikutana na spiriti unakimbia, na karatasi isiyo na namba ni uchafu. Laza karatasi kivulini, zisigusane, zifunike kwa wavu dhidi ya nzi na sisimizi, zikauke saa 3 au zaidi. Masika mimi huziacha usiku kucha. Damu ikikauka inakuwa ya kahawia iliyokolea; ikiwa bado nyekundu inayong'aa, subiri. Kila karatasi iingie kwenye mfuko wake wa plastiki pamoja na kifuko cha silika. Punje za silika zikibadilika rangi zimeshashiba unyevu, weka nyingine.

Hatua ya tano: kinachotokea maabara

Nitapita haraka. Kipande kidogo hukatwa kwenye doa la damu, DNA, yaani vinasaba, ikatolewa, kisha mashine ya PCR ikanakili sehemu ya jeni inayotakiwa mara mamilioni mpaka iweze kusomwa. Ili kujua vimelea ni vya zamani au vipya, hulinganishwa jeni zinazotofautiana sana kati ya kimelea na kimelea, kama msp1 na msp2, za siku ya kwanza na za siku homa iliporudi. Zikifanana, dawa imeshindwa. Zikitofautiana, ni maambukizi mapya. Bila tone la siku ya kwanza hakuna cha kulinganisha, na mgonjwa huyo hawezi kuhesabiwa upande wowote.

Hatua ya sita: ripoti imerudi, isome

Tuseme, kwa ajili ya zoezi tu, ripoti ina sampuli 50. K13: 47 za asili, 3 za A578S. dhps: K540E 46, A581G 18. mdr1: N86 kwa 50 zote.

Anza na K13, lakini usikurupuke. A578S inaonekana sana Afrika na haijahusishwa na kuchelewa kwa dawa. Nimeshuhudia kikao kizima kikipata hofu kwa sababu yake. Linganisha badiliko unaloliona na orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mabadiliko yaliyothibitishwa. R561H, C580Y, R622I, C469Y na A675V zimo, A578S haimo. Hata lililothibitishwa linahesabiwa kwa kiwango: usugu wa sehemu hushukiwa pale asilimia 5 ya wagonjwa au zaidi wanapobeba badiliko lililothibitishwa, au asilimia 10 au zaidi wanapokuwa bado na vimelea siku ya 3 baada ya tiba. Huthibitishwa pale angalau asilimia 5 wanapobeba badiliko hilo na wao wenyewe wakachelewa kusafika damu. Kwa hiyo slaidi ya siku ya 3, ambayo wengi huiruka kwa kuwa mtoto ameshaanza kucheza, ina uzito sawa na mashine ya PCR.

Kisha dhps. K540E 46 kati ya 50 ni asilimia 92. Zamani SP iliyopendekezwa kuwakinga watoto wachanga ilitakiwa itolewe tu pale K540E isipozidi asilimia 50, kwa hiyo eneo kama hili halikustahili. A581G 18 ni asilimia 36, na hilo linawagusa wajawazito. Uchunguzi wa Muheza uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba waliotumia SP na wakapata vimelea vyenye A581G walikuwa na vimelea vingi zaidi kwenye kondo. Je, uache kumpa mjamzito SP kliniki? Hapana. Shirika la Afya Duniani bado linaipendekeza kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kwa kuwa inaendelea kusaidia uzito wa mtoto anapozaliwa. Ila usimwambie "umeshakunywa SP, huwezi kupata malaria." Mwambie, "Dada, hii inapunguza. Lala ndani ya chandarua, na ukisikia homa njoo siku hiyo hiyo."

Ukiona sampuli imeandikwa mchanganyiko, yaani ina ya asili na iliyobadilika pamoja, haijakosewa. Mtu mmoja wa Muheza anaweza kubeba koo kadhaa za vimelea kwa wakati mmoja. Angalia tu kama waandishi wamezihesabu upande wa usugu au wameziacha, maana asilimia itabadilika.

Hatua ya saba: safu moja ya kuongeza kwenye daftari

Kwa mgonjwa aliyerudi na vimelea ndani ya siku 28, ongeza safu ya safari. Dereva wa lori, mvuvi aliyehamia, kibarua wa mkonge, mwanafunzi aliyerudi likizo: muulize alilala wapi wiki mbili kabla ya kuumwa. Akitaja Karagwe, Rwanda au Uganda, chukua tone la damu hata kama huna utafiti wowote unaoendelea, kisha mpigie mratibu wa malaria wa wilaya siku hiyo hiyo, usisubiri ripoti ya mwezi. Andika mji, tarehe aliyoondoka na tarehe aliyofika. Safari yenyewe haionekani kwenye damu, na maabara hawataijua usipoiandika.